Namna ya Kumposa Muuza Vihisi

Mtu anayetafuta pa kununua vifaa vya mtandao wa vihisi visivyotumia waya huanza kwa kuuliza bei. Hiyo ni sawa na kuingia nyumba ya watu, hujabisha hodi, hujakaa mkekani, ukaulizia mahari. Bei utatajiwa, maana muuzaji hakosi jibu hilo. Utaondoka na mzigo mkononi, na mwenye mzigo utakuwa humjui.

Mimi naamini msambazaji ni nodi ya kwanza ya mtandao wako. Vihisi mia vinaweza kuwa shambani vinazungumza vizuri usiku na mchana, lakini yeye akinyamaza, siku ya kutafuta cha mia na moja ndipo utajua mtandao ulikatika zamani. Kwa hiyo, mdogo wangu, nakupa mwongozo wa kuposa kama wazee walivyoposa: kwa hatua, kwa mshenga, na kwa maswali mengi kabla ya ngoma kulia.

Hatua ya 1: Jijue kwanza

Anayetaka kuoa bila kujua anataka kuishi na mtu wa namna gani huishia kuoa sura. Chukua karatasi moja, uandike: kifaa kipime nini, kwa usahihi gani, mara ngapi kwa siku, kipeleke taarifa umbali gani, na betri ikae muda gani kabla mtu hajaifuata. Anayepima kina cha maji kwenye mfereji wa skimu ya mpunga mara nne kwa saa hana haja sawa na anayepima mtetemo wa mashine kiwandani mara elfu kwa sekunde.

Kisha chagua redio, kwa kuwa ndiyo itakayoamua uelekee mlango wa nani. Redio za familia ya 802.15.4, ambazo Zigbee imo ndani yake, hupeleka kilobiti 250 kwa sekunde, ila sauti yake hufika makumi ya mita tu, hivyo nodi hupokezana ujumbe kama ndoo za maji kwenye moto. LoRa sauti yake huvuka bonde zima kwa kilomita kadhaa, ila huongea polepole mno na kwa maneno machache. Ya simu hufika popote penye mnara, na hunywa betri kama ng'ombe aliyetoka machungani.

Kama bado huna hakika, jaribu bila kununua chochote. Mfumo wa Contiki una kiigizaji kiitwacho Cooja, kinachokuwezesha kuendesha makumi ya nodi ndani ya kompyuta moja. Ufaransa nako wamejenga FIT IoT-LAB, maabara yenye nodi zaidi ya elfu moja ambazo mtafiti huzitumia kutoka mbali kupitia intaneti. Wiki mbili za namna hiyo zinaweza kukuonyesha kuwa redio uliyokuwa unaililia haikufai.

Hatua ya 2: Chunguza ukoo

Bibi zetu walikuwa wakiuliza: ukoo ule wanakaa na watu? Nawe uliza hivyo hivyo, na historia ya kazi hii itakuonyesha sababu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley kilikuwa na mradi wa kutengeneza nodi ndogo kama chembe za vumbi. Nodi zilizotokana na kazi ya chuo hicho ziliuzwa na kampuni mbili zilizowalisha watafiti wa dunia nzima: Crossbow, iliyouza Mica2 na MICAz, na Moteiv, iliyouza Tmote Sky. Maabara nyingi zilijenga utafiti wao wote juu ya vifaa hivyo. Mwaka 2007 Moteiv ikabadili jina kuwa Sentilla na kuelekea kwenye programu. Mwaka 2010 Crossbow ikauza biashara yake ya nodi kwa kampuni ya MEMSIC. Kwa miaka michache tu, waliokuwa na wachumba wawili mashuhuri wakajikuta wajane.

Lakini Tmote Sky haikufa. Michoro ya familia yake, iitwayo Telos, ilikuwa imewekwa wazi, kwa hiyo kampuni za Hispania na Korea Kusini ziliendelea kutengeneza nodi zinazofanana nayo, na programu zilizoandikwa kwa ajili ya ile ya kwanza zikaendelea kufanya kazi. Hilo ndilo funzo kubwa kuliko yote nitakayokupa leo: kifaa chenye michoro ya wazi kina wajomba wengi. Mzazi akiondoka, mtoto hakosi wa kumlea.

Basi muulize kila muuzaji: nani hasa anatengeneza bodi hii? Michoro yake ninaweza kuiona? Chipu zilizomo zitaendelea kutengenezwa mpaka lini? Watengenezaji makini hutangaza miaka. STMicroelectronics, kwa mfano, huahidi miaka kumi kwa maikrokontrola zake nyingi. Hata hivyo, ahadi haikuzuia uhaba wa chipu wa 2021, ambapo aina zilizokuwa zikipatikana kila siku zilipotea madukani kwa miezi mingi. Ukoo mzuri nao hupatwa na njaa, kwa hiyo weka akiba ghalani.

Hatua ya 3: Kabla ya mshenga, waulize majirani

Wako watu waliokwisha kupita njia hii huku kwetu, na mara nyingi wako tayari kusema.

Kampala, watu wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere wamekuwa wakipima uchafu wa hewa tangu 2015. Mashine za kiwango cha juu kutoka nje zilikuwa ghali mno kutawanywa mjini, wakatengeneza zao, zinazostahimili vumbi na joto la huko. Ndani ya kifaa kimoja waliweka vihisi viwili vya vumbi ili kimoja kikianza kudanganya, mwenzake amuumbue. Aliyefika hapo ana majibu ambayo hayamo kwenye katalogi yoyote.

Nairobi ndiko yaliko makao ya TAHMO, mpango uliozaliwa kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Delft na Oregon State ukiwa na shabaha ya vituo 20,000 vya hali ya hewa kusini mwa Sahara. Vituo wanavyosimika, aina ya ATMOS 41, havina sehemu inayozunguka: upepo hupimwa kwa mawimbi ya sauti, na mvua kwa kuhesabu matone. Aliyeona buibui akisuka utando kwenye kikombe cha kupimia upepo anaelewa uchaguzi huo ulitokana na nini.

Na zamani kidogo, Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia wa Kenya kola zenye GPS, redio na vipande vya sola. Mradi uliitwa ZebraNet. Pundamilia mmoja alipomkaribia mwenzake, kola zao zilipeana taarifa. Mnyama yule haleti kola dukani ibadilishwe, na shamba la mkulima aliye saa nne kutoka barabara ya lami lina ugumu huo huo. Kila unapokagua kifaa, jiulize: kikiharibika, nani atakifuata?

Waandikie watu wa namna hii, kwa adabu, na swali moja lililo wazi: mlinunua wapi, na mngekuwa mnaanza leo mngenunua wapi? Swali la pili ndilo lenye mafuta.

Hatua ya 4: Jua mitaa mitatu ya kuposa

Mtaa wa kwanza uko jirani: Kariakoo kwa Dar es Salaam, barabara ya Luthuli kwa Nairobi. Hapa utapata leo, kwa pesa ya mkononi, nyaya, maboksi ya plastiki, betri, bodi za kuanzia na vihisi vya kawaida. Nenda mwenyewe, na nenda na mita yako ya kupimia umeme. Winga, yaani dalali wa mtaani, atakupeleka anakojua yeye, ni kazi yake na ni halali, lakini wewe una kazi nyingine: kumtafuta fundi mwenye duka ambaye akikosa jibu husema "hilo sijui, njoo kesho niulize." Ukimpata huyo, mnunulie kitu hata kama ni waya wa elfu mbili. Uhusiano umeanza.

Mtaa wa pili ni Shenzhen. Soko la Huaqiangbei huko lina ghorofa juu ya ghorofa za chipu, na kampuni kama Seeed Studio, RAKwireless na Dragino, zinazouza nodi na malango ya LoRa kwa wateja wadogo, zimekulia katika mji huo. Bei ni nzuri na aina ni nyingi. Lakini mtambue mtengenezaji kati ya wapitishaji: mwenye kiwanda ana karatasi ya maelezo ya kiufundi yenye namba ya toleo na tarehe, na ukimwuliza toleo la pili lilibadilisha nini, anajibu.

Mtaa wa tatu ni wasambazaji walioidhinishwa na watengenezaji, kama Digi-Key wa Minnesota, Mouser wa Texas na Farnell wa Uingereza. Wanachukua chipu moja kwa moja kwa mwenye nazo, na wanaweza kukuonyesha ilikotoka. Bei ya kipande ni ya juu, na usafiri wake unauma. Hata hivyo kwa majaribio nenda huko kwanza, angalau kwa chipu inayobeba vipimo vyako. Unapojaribu programu mpya juu ya chipu yenye mashaka, kosa likitokea hutajua ni lako au ni lake, na utapoteza mwezi ukimhoji asiye na hatia.

Hatua ya 5: Andika barua ya posa

Mshenga wako ni barua. Barua ya posa ya kweli ni fupi, ina heshima, na inaeleza nia. Hii hapa:

"Salaam. Tunatengeneza mtandao wa nodi za kupima kina cha maji katika mifereji. Tunahitaji vipande 5 kwa majaribio ya miezi mitatu, na tukiridhika tutahitaji 200. Tafadhali tujulishe: toleo la bodi mnaloliuza sasa, redio ni ya masafa gani, umeme unaotumika nodi ikiwa imelala, kama mna ripoti ya usalama wa betri, na kama mtatuarifu kabla ya kubadilisha kipuri chochote ndani yake."

Swali la mwisho ndilo kipimo. Mwuza bidhaa tupu atalipita kimya. Mwenye nia ya kukaa nawe atalijibu, hata kama jibu ni kwamba hawezi kuahidi zaidi ya mwaka mmoja. Usidanganye idadi ili upate punguzo. Ukisema 2,000 huku unataka 20, siku ukweli ukijulikana utakuwa umeanza ndoa kwa uongo, na bei utakayopewa tena itakuwa na kinga ya uongo huo ndani yake.

Hatua ya 6: Hesabu mahari yote

Bei ya dukani ni kilemba cha mjomba tu. Ongeza usafiri na bima. Ushuru wa forodha kwa kawaida hukadiriwa juu ya jumla ya thamani, bima na usafiri, kisha ndipo VAT inapofuata: asilimia 18 Tanzania na Uganda, 16 Kenya. Ongeza ada ya wakala wa forodha. Mweleze wakala huyo mapema, kwa maneno mepesi, kilichomo ndani ya boksi, kwa sababu vifaa vya umeme vimo katika sura ya 85 ya orodha ya ushuru na vyombo vya kupimia vimo katika sura ya 90. Mzigo ulioandikwa "electronics" pekee ni mzigo unaoomba kusubiri.

Betri za lithiamu zitenganishe. Tangu Aprili 2016, zile za kuchajiwa (lithium-ion) zikisafirishwa peke yake kama mizigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo lazima ziwe zimechajiwa kwa kiwango kisichozidi asilimia 30. Muuzaji awe na ripoti ya usalama wa betri, ile ya UN 38.3. Njia nyepesi ni kuagiza bodi bila betri, halafu utafute betri hapa nyumbani kwa makini.

Kisha masafa ya redio. Redio za LoRa zinazouzwa Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928, na za Ulaya huzunguka 868. Kwetu, simu za GSM huzungumza na mnara kati ya 890 na 915. Ukileta kifaa cha Kimarekani kwa kuwa kilikuwa kwenye punguzo, kitapiga kelele ndani ya chumba cha watu wa simu. Agiza cha 868, na kabla ya kuagiza peleka maelezo yake kwa mamlaka: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, UCC kwa Uganda. Kibali cha kifaa ni radhi ya wazee; ndoa isiyo na radhi ina siku yake ya kuumbuka.

Hatua ya 7: Uchumba usio na haraka

Vipande vitano vimefika. Usipige picha kwanza. Pima.

Anza na utambulisho. Chipu ya BME280 hupima joto, mgandamizo wa hewa na unyevu wake. Nduguye BMP280 hupima joto na mgandamizo tu, lakini bodi ndogo zinazowabeba hufanana kama pacha, na mara nyingi huuzwa kwa jina la kaka yake. Soma rejista ya 0xD0: BME280 hujibu 0x60, BMP280 hujibu 0x58. Ni mistari michache ya programu. Niliwahi kupokea kundi zima la vihisi vya unyevu ambavyo havikuwa na uwezo wa kupima unyevu, na hasara yenyewe sikuilalamikia sana kama wiki tatu za msimu wa mvua zilizopita bila kumbukumbu. Mvua haina marudio.

Pima ukweli wa vipimo kwa vitu vya jikoni. Barafu iliyopondwa ikiwa ndani ya maji yake hukaa nyuzi 0. Tumbukiza kihisi cha joto uone kinasemaje. DS18B20 halisi huahidi kutokosea zaidi ya nusu nyuzi katika joto la kawaida, na nakala zake bandia zimejaa sokoni. Maji yanayochemka nayo yanafaa, ila kumbuka uliko: Arusha, kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, huchemka karibu nyuzi 95. Kwa unyevu wa hewa, weka chumvi kwenye kopo lenye kifuniko, ilowanishe iwe kama uji mzito, ning'iniza kihisi juu yake bila kugusa, funga, na usubiri usiku mzima. Hewa ya ndani itatulia karibu na asilimia 75. Kopo na chumvi, nawe una maabara.

Kwa unyevu wa udongo, vikimbie vile vya vidole viwili vya chuma vinavyopitisha umeme kwenye udongo, maana huliwa na kutu ndani ya wiki chache. Chukua vya aina ya kapasita, kisha soma maandishi ya chipu iliyo juu yake. Ikiandikwa TLC555 itafanya kazi kwa volti 3.3. Ikiwa ni NE555 inataka angalau 4.5, na kwenye nodi yako itakuwa inabahatisha.

Sasa usingizi, maana nodi hulala sehemu kubwa ya maisha yake. Chipu ya ESP32 ikilala usingizi mzito hunywa mikroampea kama 10, lakini bodi nyingi za kujifunzia zimewekewa kidhibiti volti cha AMS1117 ambacho peke yake hunywa miliampea 5 hivi. Fanya hesabu: betri ya miliampea-saa 2,500 ikinyonywa miliampea 5 humalizika kwa saa 500, yaani wiki tatu. Ikinyonywa miliampea 0.05, hesabu inakupa zaidi ya miaka mitano. Mkulima hatajua jina la kidhibiti hicho, ila atajua kwamba mtu wa vihisi anarudi kila mwezi kuomba ngazi.

Betri yenyewe ipime kwenye mizani. Seli ya 18650 ya kweli hubeba hadi miliampea-saa 3,500 hivi na uzito wake hukaribia gramu 45 au zaidi. Iliyoandikwa 9,900 imeandikwa uongo, na nyingi huwa nyepesi kwa sababu ndani kuna kitu kingine.

Mwisho, ipeleke shambani. Tembea na redio mahindi yakiwa machanga, rudi tena yakiwa yamekupita kichwa, kwa sababu majani yenye maji humeza mawimbi, hasa ya gigahezi 2.4. Iache nodi juani na mvuani mwezi mzima ndani ya boksi lake. Fungua uangalie: kuna jasho ndani? Sisimizi wamehamia? Kila unachokiona mwandikie msambazaji, pamoja na picha. Atakavyopokea lawama ya vipande vitano ndivyo atakavyopokea lawama ya 200.

Hatua ya 8: Uwe na mchumba wa pili

Katika ndoa ya watu nisingethubutu kukushauri hivi. Katika kazi hii nakusihi. Kwa kila kipuri ambacho bila hicho nodi haifanyi kazi, mfahamu muuzaji wa pili, na ujaribu vipande vyake viwili vitatu kabla hujavihitaji. Mwambie wa kwanza waziwazi kwamba yupo mwingine. Msambazaji mwenye akili hachukii, kwa kuwa anajua uhaba unapokuja hata yeye atashukuru mteja wake asife njaa.

Kisha funga ndoa: agiza zile 200, andika namba ya toleo kwenye mkataba, na ulipe siku uliyoahidi. Anayetaka uaminifu kwa msambazaji aanze na ankara yake.

Na kila ndoa ina shahidi. Katika vile vipande vitano vya mwanzo, chagua kimoja kilichofaulu kila jaribio. Kifunge kwenye mfuko wake, andika tarehe, toleo na vipimo vyote ulivyopata, ukiweke kwenye droo, kisiende shambani kamwe. Kila mzigo mpya ukifika, mwaka huu au mwaka wa sita, toa shahidi, muweke mezani pembeni ya mgeni, uvipe vyote viwili barafu ile ile, chumvi ile ile na usingizi ule ule. Vikisema jambo moja, mzigo uende shambani. Vikitofautiana, piga simu kwa msambazaji siku hiyo hiyo, kabla mkulima hajafungua maji kwa kuamini namba tuliyomtumia.